Ukisusa, Wenzio Hawali: Kisa cha Kiti Kitupu cha Ufaransa, 1965–1966

Kila linapoitishwa kongamano la wanafunzi wa uzamili na uzamivu kuhusu mustakabali wa Umoja wa Ulaya, mada ya kura ya turufu haikosi. Mmoja atataka iondolewe katika mambo ya nje, mwingine atasema nchi ndogo zitamezwa, na kabla ya chai ya saa nne mtu atakuwa ameshataja Luxembourg, Januari 1966. Akishataja, mjadala unasonga mbele, kana kwamba kila mtu anakijua kisa chenyewe.

Kwa kawaida husimuliwa hivi: Jenerali Charles de Gaulle, rais wa Ufaransa, alisusia vikao vya Brussels miezi saba, wenzake watano wakasalimu amri, na Ufaransa ikarudi na kura ya turufu mfukoni. Nusu yake ni kweli. Nusu nyingine ndiyo inayonifanya nikichambue kisa hiki upya, kwa sababu waliosusiwa walikuwa na uwezo wa kuendelea na hawakuendelea, na aliyesusa alikuwa na nafasi ya kuondoka na hakuondoka. Msemo wetu wa "ukisusa, wenzio twala" haukufanya kazi Brussels mwaka ule. Sababu zake ndizo zinazoeleza Ulaya ilivyo leo kuliko karatasi yoyote iliyoandikwa Luxembourg.

Kura kumi na saba

Mkataba wa Roma, ulioanzisha Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya (mtangulizi wa Umoja wa Ulaya), ulitiwa saini Machi 25, 1957 na kuanza kutumika Januari 1, 1958. Wanachama walikuwa sita: Ufaransa, Ujerumani Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg. Soko la pamoja lilipangiwa kipindi cha mpito cha miaka kumi na miwili, awamu tatu za miaka minne minne. Awamu ya tatu ilikuwa ianze Januari 1, 1966, na kuanzia hapo mambo kadhaa yaliyokuwa yakihitaji kauli moja ya nchi zote, kilimo na biashara na nchi za nje yakiwemo, yalikuwa yaamuliwe kwa wingi wa kura katika Baraza la Mawaziri.

Wasimuliaji wengi huruka hesabu ya kura zenyewe, ilhali ndiyo roho ya kisa. Ufaransa, Ujerumani na Italia zilikuwa na kura nne kila moja, Ubelgiji na Uholanzi mbili mbili, Luxembourg moja. Jumla 17. Pendekezo la Kamisheni, chombo cha utendaji cha Jumuiya, lilipita kwa kura 12, kwa hiyo aliyetaka kulizuia alihitaji sita. Ufaransa ilikuwa na nne. Ujerumani, Italia, Ubelgiji na Uholanzi zikikubaliana zinapata 12 kamili hata bila Luxembourg. Maana yake ni kwamba mkulima wa ngano wa Beauce, Ufaransa, angeweza kupangiwa bei na mawaziri wa nchi nyingine, waziri wake akiwa papo hapo mezani anapinga. Ili ajiokoe ilimbidi apate mkubwa mwenzake, au Mbelgiji, au Mholanzi. Na huyo Mholanzi, waziri wa mambo ya nje Joseph Luns, alikuwa ndiye mpinzani mkubwa wa sera za de Gaulle katika Baraza zima.

Pana kifungu kingine ambacho hakina mvuto wa kusimuliwa lakini kilikuwa na nguvu zaidi. Kifungu cha 149 kilisema Baraza linaweza kulibadilisha pendekezo la Kamisheni kwa kauli moja tu. Yaani kulikubali pendekezo kulikuwa rahisi kuliko kulirekebisha. Katika utaratibu wa namna hiyo, anayeshika kalamu ya kwanza ndiye mwenye mamlaka, na kalamu hiyo ilikuwa mikononi mwa Walter Hallstein.

Kamba tatu katika fundo moja

Hallstein alikuwa profesa wa sheria kutoka Ujerumani na rais wa kwanza wa Kamisheni. Aliamini, wala hakuficha, kwamba Jumuiya ilikuwa njiani kuwa shirikisho. Alipokea hati za utambulisho za mabalozi kwa heshima zinazofanana na za mkuu wa nchi, jambo lililomkera de Gaulle kupita kiasi. Mtu anaweza kuliona suala hilo la itifaki kuwa dogo. Baadaye lilipewa nafasi yake katika makubaliano ya Luxembourg, sambamba na mambo ya fedha na kura.

Fursa ya Hallstein ilitokana na kilimo. Kanuni ya muda ya kugharimia Sera ya Pamoja ya Kilimo, iliyopatikana Januari 1962 baada ya mazungumzo ya kukesha, ilikuwa inaisha Juni 30, 1965. Desemba 1964 mawaziri walikubaliana bei ya pamoja ya nafaka, baada ya de Gaulle kutishia mwaka huohuo kwamba Ufaransa ingeacha kushiriki kama soko la mazao halitakamilishwa. Kisha wakaitaka Kamisheni ilete mapendekezo ya fedha kabla ya Aprili 1965.

Kamisheni ikaleta, na ikaongeza. Machi 31, 1965 iliweka mezani mambo matatu yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni fedha za kilimo, ambazo Ufaransa ilizihitaji. La pili, kuanzia Julai 1967 tozo za mazao na ushuru wa forodha kutoka nje ya Jumuiya ungeingia kwenye mfuko wa Jumuiya yenyewe badala ya kila nchi kuchangia kutoka hazina yake. La tatu lilifuata kwa mantiki: kama fedha hizo hazipiti tena kwenye mabunge ya nchi, basi Bunge la Ulaya lipewe sauti katika bajeti, na kwa namna ilivyopangwa Kamisheni nayo ingepata nguvu mpya kati ya Bunge na Baraza. Sicco Mansholt, Mholanzi aliyeshika kilimo, aliunga mkono kwa dhati. Robert Marjolin, Mfaransa ndani ya Kamisheni hiyohiyo, alipinga na kuwatahadharisha wenzake kwamba de Gaulle hatakubali.

Kwa maoni yangu mantiki ya pendekezo haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye dau. Hallstein alidhani Ufaransa inazitaka fedha za kilimo kiasi cha kuyameza mengine yote, na akasahau kwamba de Gaulle alikuwa na njia ya tatu: kuzikataa fedha kwa muda. Mwendo wenyewe ukaongeza chumvi. Machi 24, wiki moja kabla ya kuyawasilisha rasmi kwa mawaziri, Hallstein aliyaeleza mapendekezo hayo mbele ya Bunge la Ulaya, Strasbourg. Serikali zikayasikia kupitia wabunge na magazeti. Kwa de Gaulle, mtumishi alikuwa amekwenda kuhutubia hadhara kabla ya kumwarifu mwajiri.

Usiku wa Juni 30

Mwenyekiti wa Baraza katika nusu ya kwanza ya 1965 alikuwa Ufaransa, kwa hiyo aliyeongoza kikao cha mwisho alikuwa waziri wake wa mambo ya nje, Maurice Couve de Murville: Mprotestanti mkavu, mtumishi wa serikali kwa malezi, asiyepandisha sauti. Alikuwa mwenyekiti na mlalamikaji katika kiti kimoja.

Wiki mbili za mwisho Ufaransa ilikuwa imebadili hoja. Ilisema sasa iko tayari kuendelea kuchangia kutoka hazina za nchi hadi 1970. Kama mapato ya Jumuiya yenyewe yanaahirishwa, hoja ya kulipatia Bunge la Ulaya nguvu inaanguka pamoja nayo. Ujerumani, Italia na Uholanzi hazikukubali kulitenga suala la fedha na mengine, na mabunge ya Bonn na The Hague yalikuwa yakizishinikiza serikali zao zisilipe bila Bunge la Ulaya kupewa nafasi ya kusimamia.

Desturi ya Brussels katika hali hiyo ilijulikana: unasimamisha saa. Mwishoni mwa 1961 tarehe ya mwisho ilipofika bila makubaliano, mawaziri walijifanya Desemba 31 haijaisha, wakajadiliana hadi Januari 14. Safari hii wengi walitarajia hivyohivyo. Siku chache za kukesha, kahawa, rasimu mpya ya Kamisheni, mwafaka. Yapata saa nane usiku wa kuamkia Julai 1, Couve de Murville alisema hakuna makubaliano na akafunga kikao. Saa haikusimamishwa.

Hapo ndipo mimi huona uamuzi mkuu wa kisa ulifanyika, kabla hata ya kususa kwenyewe. Kushindwa kuelewana kulikuwa jambo la kawaida kabisa katika Jumuiya. Kukataa kujifanya kwamba muda haujaisha hakukuwa kawaida, na ndiko kulikowaambia wengine kwamba ugomvi haukuwa wa ngano pekee. Siku chache baadaye Jean-Marc Boegner, mwakilishi wa kudumu wa Ufaransa, aliitwa nyumbani, na Paris ikatangaza kwamba haitahudhuria vikao vya Baraza wala vya kamati ya mabalozi.

Kususa kwa kipimo

Kiti kilikuwa kitupu, lakini si vyote. Naibu wa Boegner alibaki Brussels ofisini kwake. Wafaransa walioajiriwa Kamisheni waliendelea kwenda kazini. Mambo ya kila siku yasiyokwepeka yalipitishwa kwa maandishi: karatasi inatumwa, Paris inajibu, hakuna anayeketi. Mahakama ya Jumuiya, iliyoko Luxembourg, iliendelea. Na ilipofika Januari 1, 1966, siku ambayo ushuru kati ya wanachama ulipaswa kupunguzwa tena kwa asilimia 10 kama ratiba ilivyotaka, Ufaransa ilipunguza. Mtu anayebomoa nyumba hakarabati paa mwezi uleule.

De Gaulle mwenyewe alieleza shabaha yake Septemba 9, katika mkutano na waandishi wa habari kwenye ikulu ya Élysée. Aliiita Kamisheni baraza la wataalamu wasio na nchi na wasiowajibika kwa yeyote, akageukia utaratibu wa wingi wa kura uliokuwa unakuja Januari. Kabla ya siku hiyo mgogoro uliweza kuitwa wa bajeti. Baada yake ukawa wa katiba: nani mwenye neno la mwisho, serikali ya nchi au Baraza linalopiga kura juu ya rasimu ya Kamisheni?

Sasa tugeukie watano waliobaki. Italia ilichukua uenyekiti Julai 1, na watano walikutana bila Ufaransa tangu mwezi huohuo. Kwa hesabu za kura walikuwa na 13 kati ya 17. Walikuwepo waliopendekeza kusonga mbele, na Uholanzi haikuficha hamu yake ya kuona Uingereza, iliyokataliwa na de Gaulle Januari 1963, inaingia. Hata hivyo waliyoyaamua yalikuwa madogo, na yaliyoweza kubadilisha mkondo wa Jumuiya waliyaacha.

Kwa nini hawakula? Uungwana ni jibu jepesi mno. Viwanda vya Ujerumani viliuza Ufaransa kwa uhuru uliokuwa unaongezeka kila ushuru uliposhuka, na hakuna waziri wa Bonn aliyetaka kueleza wenye viwanda kwamba soko hilo limevunjika kwa ajili ya madaraka ya Bunge la Ulaya, tena mwaka ambao Ujerumani ilikuwa na uchaguzi wa Septemba. Mkataba wa Roma haukuwa na kifungu cha kujitoa, kwa hiyo Ufaransa ilibaki mwanachama kamili, na uamuzi wowote mzito bila yake ungeweza kupingwa mahakamani au kupuuzwa Paris. Halafu kuna jambo ambalo watano hawakulisema kwa sauti: si wote waliofurahia wazo la kushindwa kwa kura. Ujerumani, sawa na Ufaransa, haikutaka kupangiwa bei ya nafaka. De Gaulle alibeba lawama ya hoja ambayo wengine waliificha chini ya meza.

Kamisheni nayo ilirudi nyuma mapema. Julai 22 ilitoa waraka mpya uliokuwa karibu sana na msimamo wa Ufaransa kuhusu fedha, mapato ya Jumuiya yakiahirishwa. Ufaransa haikurudi. Hilo lilithibitisha kwamba fedha zilikuwa mlango tu. Oktoba 25 na 26 watano walitoa msimamo wa pamoja: Mkataba hauguswi, ila Ufaransa inaalikwa kwenye kikao maalumu cha mawaziri bila Kamisheni kuwepo. Kwa Hallstein, kuambiwa abaki nje ya mlango kulikuwa kipigo kikubwa kuliko maneno ya Septemba.

Upande wa Ufaransa, nyumbani hakukuwa shwari. Wakulima walikuwa wamesubiri soko la Ulaya miaka mingi. Ufaransa ilizalisha kuliko ilivyoweza kula, na sera ya kilimo ndiyo iliyokuwa ilipe ziada hiyo kwa mfuko uliojazwa pia na Wajerumani. Shirikisho lao kuu, FNSEA, likawataka wanachama wasimpigie kura Jenerali. Desemba 5, 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa rais kwa kura ya wananchi wote tangu Jamhuri ya Tano iundwe, de Gaulle alipata chini ya asilimia 45. François Mitterrand alipata karibu 32. Jean Lecanuet, aliyeinadi Ulaya waziwazi, akapata zaidi ya 15. Rais aliyedhani atashinda kwa mkupuo mmoja alilazimika kurudi kwa wapiga kura Desemba 19, akashinda kwa asilimia 55. Siwezi kusema kura za vijijini ndizo zilizomrudisha mezani peke yake. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvunguni mlikuwa na fedha za ngano.

Karatasi ya Luxembourg

Kikao hakikufanyika Brussels, ambako Kamisheni ilikuwa nyumbani. Kilifanyika Luxembourg, nchi iliyochukua uenyekiti Januari 1966, chini ya waziri mkuu wake Pierre Werner: Januari 17 na 18, halafu tena 28 na 29. Couve de Murville alikuja na orodha ya madai kumi kuhusu mwenendo wa Kamisheni. Waliomkabili zaidi walikuwa Luns na waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, Gerhard Schröder (asichanganywe na kansela wa baadaye mwenye jina hilohilo), huku Paul-Henri Spaak wa Ubelgiji akitafuta njia ya kati.

Madai kumi yalipunguzwa hadi saba na kulainishwa. Kamisheni ishauriane na serikali kabla ya kupitisha mapendekezo mazito. Isiyatangaze hadharani kabla Baraza halijayapokea. Hati za mabalozi zipokelewe na rais wa Baraza na rais wa Kamisheni kwa pamoja. Itifaki, kama nilivyosema, haikusahauliwa.

Kuhusu kura, walichoandika ni kifupi, na kinastahili kusomwa polepole. Aya ya kwanza inasema pale ambapo uamuzi unaweza kuchukuliwa kwa wingi wa kura na maslahi makubwa sana ya mwanachama yameguswa, Baraza litajitahidi ndani ya muda wa kuridhisha kupata suluhisho linalokubalika kwa wote. Aya ya pili inasema ujumbe wa Ufaransa unaona kwamba katika hali hiyo majadiliano lazima yaendelee mpaka kauli moja ipatikane. Aya ya tatu inasema wajumbe sita wanatambua kwamba wanatofautiana kuhusu kifanyike nini kauli moja isipopatikana. Aya ya nne inasema tofauti hiyo haizuii kazi za Jumuiya kuendelea kwa utaratibu wa kawaida.

Hakuna mahali panaposema Ufaransa ina kura ya turufu. Mkataba haukurekebishwa hata herufi. Awamu ya tatu ilianza, na kisheria wingi wa kura ulianza nayo. Waliuweka ugomvi wao kwenye karatasi, wakaenda zao. Wanasheria wa vizazi vilivyofuata wamebishana kama karatasi hiyo ina uzito wowote wa kisheria, na wengi wamejibu kwamba haina. Kisiasa ilitawala takriban miaka ishirini.

Nani alipata nini

Ukihesabu mpaka 1968, de Gaulle alishinda. Mei 11, 1966 fedha za kilimo zilipatikana bila Bunge la Ulaya kupewa chochote. Hallstein aliondoka 1967, Kamisheni ilipounganishwa na taasisi mbili nyingine za utendaji za Ulaya, na Jean Rey wa Ubelgiji akachukua nafasi. Umoja wa forodha ulikamilika Julai 1, 1968, miezi kumi na minane kabla ya tarehe ya Mkataba, kwa hiyo hata soko alilolitaka mkulima wake lilifika mapema.

Ukihesabu mpaka 1970, picha inageuka. De Gaulle alijiuzulu Aprili 1969. Aprili 1970 nchi sita zilikubali Jumuiya iwe na mapato yake yenyewe kutokana na tozo za mazao na forodha, na kwa mkataba tofauti zikalipatia Bunge la Ulaya mamlaka ya kwanza katika bajeti. Ni kifurushi kilekile cha Machi 1965, kikiwa kimefunguliwa na kuliwa kidogokidogo. Hallstein alikosea wakati, na mtu anayekosea wakati katika siasa hahesabiwi kuwa alikuwa sahihi, hata historia ikimfuata nyuma.

Kilichobaki kwa muda mrefu ni tabia. Mawaziri waliacha kuitisha kura hata kwa mambo ambayo hakuna aliyeyaita maslahi makubwa. Mtu alihitaji tu kukunja uso, jambo likaahirishwa. Na waliokunja uso hawakuwa Wafaransa peke yao. Mei 18, 1982 Uingereza, kupitia waziri wake wa kilimo Peter Walker, ilidai maslahi makubwa ili kuzuia bei za mazao, ikitaka kwanza mgogoro kuhusu michango yake katika bajeti ya Jumuiya umalizwe. Wenzake wakapiga kura na kumshinda. Denmark na Ugiriki hazikushiriki kura hiyo, zikitetea kanuni. Ufaransa ilishiriki, upande wa walioipuuza turufu, kwa hoja kwamba Uingereza ilikuwa ikiunganisha bei za mazao na suala jingine. Waliozaa hoja wakawa wa kwanza kuiwekea mipaka. Mwaka 1985 Ujerumani, nchi ambayo Schröder wake alikuwa amesimama Luxembourg kutetea wingi wa kura, iliitumia turufu hiyohiyo kuzuia bei ya nafaka kushushwa. Ni baada ya Sheria ya Ulaya Moja, iliyorekebisha Mkataba wa Roma na kuanza kutumika Julai 1987, ndipo kupiga kura kulirudi kuwa jambo la kawaida.

Jaribio zuri la tafsiri yangu ni NATO. Machi 7, 1966, wiki chache baada ya Luxembourg, de Gaulle alimwandikia Rais Lyndon Johnson kwamba Ufaransa inajitoa katika kamandi ya kijeshi ya pamoja. Safari hii hakukuwa na naibu aliyebaki ofisini wala kikao cha kutafuta maneno. Makao makuu yalihama, na Ufaransa haikurudi katika kamandi hiyo hadi 2009. Kiongozi ni yuleyule, mwaka ni uleule, chuki ya kuamuliwa na wengine ni ileile. Tofauti ni kwamba ulinzi wa Marekani uliifunika Ulaya Magharibi hata Ufaransa isipoketi, wakati ngano haikuuzika bila kuketi. Nadharia za mtangamano wa nchi zinazoweka uzito wote kwenye haiba ya viongozi hujikwaa hapa.

Mezani Arusha

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake ya kukifuata kisa hiki. Kenya, Uganda na Tanzania zilikuwa zikitafuta makubaliano na Jumuiya hiyohiyo ya Ulaya katikati ya miaka ya sitini. Mkataba wa kwanza ulitiwa saini Arusha Julai 1968 lakini haukuanza kutumika, na wa pili ulitiwa saini hapohapo Septemba 1969. Na sisi tulikuwa na kiti kitupu chetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa kwa mkataba wa Kampala wa Juni 1967 iliwekwa chini ya Mamlaka ya marais watatu. Baada ya Idi Amin kupindua serikali Januari 1971, Mwalimu Nyerere alikataa kuketi naye, na Mamlaka hayakukutana tena. Reli, bandari, posta na ndege viliendelea kwa muda chini ya maofisa, kama Brussels ilivyoendelea kwa karatasi. Lakini hapakuwa na mfuko ambao aliyesusa angeukosa. Ugomvi ulikuwa kinyume chake, juu ya nani anapeleka fedha za mashirika makao makuu na nani anazikalia. Mwaka 1977 Jumuiya ikafa, na kugawana mali kulichukua hadi Mei 1984. Sisemi Nyerere alikosea kumkataa Amin. Nasema muundo uliomtegemea kila rais akubali kumwona mwenzake haukuwa na mahali pa kupitisha hata karatasi.

Jumuiya mpya, ya mkataba wa 1999, imebakiza maamuzi ya wakuu wa nchi kwa maafikiano. Ilipokuja kwenye mkataba wa ubia wa kiuchumi na Umoja wa Ulaya, Kenya na Rwanda zilitia saini Septemba 2016, Tanzania ikakataa, na miaka ikapita. Februari 2021 wakuu wa nchi waliruhusu anayetaka atangulie, na Kenya ikasaini mkataba wake peke yake Nairobi Desemba 2023. Huo ni mlango ambao watano wa 1965 waliuogopa: kuacha mmoja atangulie na soko la forodha libaki moja kwa jina. Wanaotafiti mtangamano wetu wangefanya vema kuuliza gharama yake kwenye mpaka wa Namanga kabla ya kuusifia kuwa unyumbufu.

Ulaya yenyewe imevumbua matumizi mapya ya kiti. Leo sehemu kubwa ya sheria zake hupita kwa asilimia 55 ya nchi zenye asilimia 65 ya watu, lakini kodi, mambo ya nje na kupokea wanachama wapya bado vinahitaji kauli moja. Desemba 14, 2023, viongozi 27 walipokuwa wakijadili kufungua mazungumzo ya uanachama na Ukraine, Viktor Orbán wa Hungaria alitoka chumbani, na 26 waliobaki wakapitisha. Mkataba unasema asiyepiga kura hazuii kauli moja. Usiku huohuo alirudi na kuzuia msaada wa euro bilioni 50, uliokuja kukubaliwa Februari 1, 2024. De Gaulle aliacha kiti ili kitu kisipite. Orbán aliacha kiti ili kipite bila yeye kuonekana amekubali. Kwa mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu, swali la nani anafaidika chumba kikiwa na mtu mmoja pungufu lina kazi ya miaka kadhaa ndani yake, na nyaraka za Baraza za 1965 zimeshafunguliwa.